Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mshauri Nasaha Amesomea Nini, na Hufanya Nini Mlango Ukishafungwa?

Majibu haya ni ya mtu anayetafuta mshauri nasaha kwa mara ya kwanza, na ya yule aliyekwisha kwenda akatoka hajaelewa kilichofanyika. Mshauri anayeijua kazi yake anaweza kukueleza kwa maneno mepesi anachokifanya na sababu ya kukifanya. Usione haya kumuuliza.

Mshauri nasaha, mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili: tofauti yao ni nini?

Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari kwanza, ndipo akabobea kwenye akili. Kwa kawaida ndiye anayeandika dawa na kuamua mtu alazwe. Mwanasaikolojia tiba amesoma saikolojia hadi uzamili au uzamivu, kutegemea nchi. Mbali na tiba ya mazungumzo, hupima kumbukumbu, umakini na uwezo wa kujifunza kwa vipimo maalumu. Mshauri nasaha amesomea kazi ya kusikiliza, kuuliza, kumsaidia mtu kubadili kinachobadilika, na kutambua tatizo lililomzidi ili atoe rufaa.

Watu huwachanganya watatu hawa, na hilo si kosa kubwa. Kosa ni kudhani neno "mshauri" kwenye kibao lina maana moja kila mahali. Kuna nchi ambako jina hilo linalindwa na sheria, na kuna ambako aliyehudhuria semina ya siku mbili anaweza kulitumia bila kuulizwa na mtu.

Nitajuaje kama kweli amesomea?

Muulize mambo manne: ana shahada ya nini, amesajiliwa na bodi gani ya taaluma na kwa namba ipi, alifanya mazoezi chini ya msimamizi kwa muda gani, na je, hadi leo ana msimamizi?

Swali la nne ndilo watu husahau, na ndilo lenye uzito. Usimamizi ni utaratibu ambao mshauri hukaa na mwenzake mwenye uzoefu, pengine kila wiki mbili, akaeleza kazi yake bila kutaja majina, akaulizwa amekwama wapi na kwa nini. Humo ndimo hugundulika kwamba anamwonea mteja huruma kupita kiasi, au kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akiikwepa mada ya pombe. Asiye na msimamizi hana wa kumwambia anapokosea. Miaka mingi kazini haizibi pengo hilo. Mtu anaweza kurudia kosa lilelile kwa miaka ishirini.

Ongeza swali la tano ukitaka: ameshughulika na watu wenye shida kama yangu, na kwa kawaida hufanya nao nini? Jibu la "hutegemea mtu" bila maelezo mengine halitoshi.

Anasema anatumia "mbinu" fulani. Maana yake nini kwangu?

Maana yake ni kwamba ana maelezo kuhusu kinacholiendeleza tatizo, na kazi inayotokana na maelezo hayo. Madaktari Sigmund Freud na Josef Breuer walichapisha mwaka 1895 kitabu kuhusu wagonjwa waliopata nafuu kwa kuzungumza. Wafuasi wa mkondo huo hadi leo hutazama jinsi uhusiano wa utotoni unavyojirudia ukubwani. Mwanasaikolojia Carl Rogers, mwaka 1957, alitaja masharti ya badiliko, yakiwamo haya matatu ya upande wa mshauri: aelewe ulimwengu wa mteja kwa ndani, amkubali bila masharti, na awe mkweli badala ya kuvaa sura. Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, katika miaka ya 1960, aliona kwamba watu wenye sonona (wengine husema unyogovu) hupitiwa na mawazo ya haraka ya kujishusha ambayo hawayahoji. Kazi yake ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa tiba ya utambuzi na tabia, inayomfundisha mtu kuhoji mawazo hayo na kubadili anayoyafanya. Watabibu wa mazungumzo Steve de Shazer na Insoo Kim Berg wao walianzia kwenye siku ambazo tatizo halikutokea, wakauliza siku hizo kulikuwa na nini.

Je, ipo iliyo bora? Kwa sonona ya kawaida, mbinu kadhaa hukaribiana kwa matokeo, na mojawapo ya mambo yanayotabiri nafuu ni maelewano kati yenu. Mwanasaikolojia Edward Bordin, mwaka 1979, aliyagawa maelewano hayo sehemu tatu: mmekubaliana lengo, mmekubaliana kazi ya kulifikia, na mnaaminiana. Watu hufikiri ni hiyo ya tatu tu. Unaweza kumpenda mshauri wako sana huku hamjui mnaelekea wapi.

Lakini kuna matatizo ambayo mbinu ina uzito wake. Hofu ya kitu maalumu, kama vile lifti au mbwa, na ile hali ya kurudiarudia kunawa mikono au kukagua kufuli, huhitaji kukabiliana na kinachoogopwa kwa hatua. Kuongea tu juu yake, hata kwa upole na kwa mwaka mzima, aghalabu hakutoshi.

Jina lenyewe ni ushauri. Mbona hanishauri?

Lawama hii ina haki yake, kwa sababu neno letu linaahidi jambo ambalo kazi yenyewe hailifanyi sana. Ushauri wa "mwache" au "vumilia" umeshaupata kwa ndugu na marafiki, bure. Usingekuwa unatafuta msaada kama ushauri huo ungekufaa. Na mshauri akikuamulia, jambo likienda vizuri unamhitaji tena kesho. Likiharibika, ni la kwake, si lako.

Hata hivyo, kunyamaza siku zote nako ni uvivu. Mshauri anapaswa kukupa maarifa aliyo nayo: jinsi usingizi unavyofanya kazi, kwa nini moyo unadunda, dalili zipi zinahitaji daktari. Asichokuamulia ni maisha yako. Ukiuliza swali la kitaalamu ukajibiwa "wewe unaonaje?", rudia swali.

Kikao cha kwanza huwaje?

Vikao vingi ni vya dakika 50, na cha kwanza mara nyingine hufika 90. Dakika za mwanzo ni za ridhaa: anaeleza usiri na mipaka yake, malipo, taratibu za kuahirisha, na namna anavyotunza kumbukumbu. Akianza kuuliza habari zako kabla ya hayo, mkatishe uyaulize mwenyewe.

Kisha huja maswali. Ni nini kimekuleta sasa, si mwezi uliopita? Kilianza lini, kinazidi wakati gani, kinapungua wakati gani? Usingizi, chakula, pombe, dawa unazotumia, magonjwa, watu unaoishi nao, kama kuna anayekupiga au kukutisha. Ataulizia pia kujiua, kwa kila mtu, hata aliyekuja kwa ugomvi wa kazini. Mwishoni akuambie ameelewaje hali yako, kwa sentensi chache, na apendekeze mpango.

Ukitoka umechoka au umeona aibu kwa uliyoyasema, ni kawaida, na kwa wengi hutulia baada ya siku moja au mbili. Ukitoka bila kujua kitakachofanyika kikao cha pili, hapo kuna kasoro, na kasoro si yako.

Karatasi za maswali ni za nini? Si tunaongea?

Dodoso linalotumika sana kwa sonona linaitwa PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla hadi 27. Alama 5 huashiria dalili hafifu, 10 za wastani, 15 nzito kiasi, 20 nzito. Kwa wasiwasi kuna GAD-7, lenye maswali 7 na jumla ya 21. Hayatoi utambuzi wa ugonjwa. Yanasema tu kwamba hapa pachunguzwe. Mtu aliyefiwa juzi, au mwenye upungufu wa damu, anaweza kupata alama nyingi.

Faida yake kubwa ni kurudiwa. Kila wiki mbili, dodoso lilelile. PHQ-9 ikishuka kwa alama 5, hilo ni badiliko la kweli. Ikipanda na kushuka kwa alama moja au mbili, usilijali. Washauri kwa kutegemea hisia zao ni wabaya wa kutambua mteja anayezidi kuzama, ndiyo maana wanaopima hunusa mapema. Na swali la 9, la kuwaza kufa au kujidhuru, lazima lifuatiliwe kwa mazungumzo siku ileile likijibiwa kitu chochote zaidi ya 0. Karatasi iliyojazwa ikaingia kwenye faili bila kusomwa ni afadhali isingejazwa.

"Kuhoji mawazo" hufanywaje hasa?

Chukua karatasi, igawe safu sita. Tuseme bosi amepita ukumbini hakukusalimia.

Safu ya kwanza, tukio: "Jumanne saa tatu, bosi amepita kimya." Andika kile ambacho kamera ingenasa. "Bosi amenidharau" si tukio, ni tafsiri. Ya pili, hisia na uzito wake kwa asilimia: hofu 80, aibu 60. Ya tatu, wazo lililopita kichwani: "Amechoka nami, nitafukuzwa." Ya nne, ushahidi unaoliunga mkono: ripoti ilichelewa wiki iliyopita. Ya tano, ushahidi unaolipinga: hakumsalimia mtu mwingine yeyote, alikuwa na simu sikioni, na jana kanipa kazi ya mwezi ujao. Ya sita, wazo lililopimwa upya: "Sijui kwa nini amepita kimya. Ripoti imechelewa kweli, nitaimaliza leo." Kisha pima hisia tena. Hofu 45.

Angalia kwamba haikushuka hadi sifuri, na wazo la mwisho halisemi mambo yote ni mazuri. Hapo ndipo wengi huharibu: huandika sentensi tamu wasiyoiamini, hofu inabaki 80, wanahitimisha mbinu haifai. Kosa la pili ni kujaza karatasi siku tatu baadaye, wakati wazo halisi limeshasahaulika na lililobaki ni la kubuni. La tatu ni kubishana na jambo la kweli. Ikiwa kweli unafukuzwa, hakuna cha kuhoji. Kinachotakiwa ni mpango.

Kwa nini anataka nikabili ninachokiogopa?

Kwa sababu kila unapokimbia, hofu inashuka papo hapo, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kesho unakimbia mapema zaidi.

Mnaanza kwa kupanga ngazi, kila hatua ikiwa na kiwango cha hofu kutoka 0 hadi 100, kipimo kilichotokana na kazi ya daktari wa magonjwa ya akili Joseph Wolpe. Kwa mwenye hofu ya lifti: kusimama nje yake dakika kumi (30), kuingia mlango ukiwa wazi (45), kupanda ghorofa moja na mshauri (60), kupanda peke yako (75), kupanda ghorofa kumi lifti ikiwa imejaa (95). Mnaanza na ya 30 au 40. Kabla ya kila hatua unaandika unachotabiri: "nitakosa hewa, nitazimia." Baada yake unaandika kilichotokea.

Mambo mawili huiua kazi hii. La kwanza ni hirizi ndogo ndogo: kushika simu tayari kupiga, kubeba chupa ya maji, kufumba macho na kuhesabu. Ukifika salama, sifa inakwenda kwa hirizi. La pili ni kufanya mara moja kwa wiki, siku ya kikao tu. Mara nne au tano kwa wiki ndipo kitu husogea.

Nimepitia jambo baya sana. Lazima nilisimulie lote?

Hapana, na hakika si siku ya kwanza. Tiba nzuri za kiwewe huja kufikia kumbukumbu yenyewe, lakini baada ya kuhakikisha uko salama sasa na una njia za kujituliza, na wewe ndiye unayeshika usukani. Kumkalisha mtu siku chache baada ya tukio na kumshurutisha asimulie kila kitu kwa kikao kimoja ni desturi ambayo Shirika la Afya Duniani linaipinga. Katika siku hizo za mwanzo mtu anahitaji usalama, usingizi, watu wake, na msikilizaji asiyechokonoa.

Siri zangu zitabaki siri?

Ndiyo, isipokuwa penye mambo machache ambayo nchi nyingi zinakubaliana: hatari ya karibu ya kujiua, hatari ya karibu kwa mtu mwingine, mtoto anayeteswa, na amri ya mahakama. La mtu mwingine lilipata uzito mkubwa Marekani kwa kesi ya Tarasoff, ambayo Mahakama ya Juu ya California iliitolea uamuzi mwaka 1976: mteja alikuwa amemweleza mwanasaikolojia nia ya kumuua mwanamke fulani, yeye na familia yake hawakuonywa, na mwanamke huyo aliuawa. Mahakama ilisema mtaalamu ana wajibu wa kumlinda aliye hatarini. Sheria hutofautiana, kwa hiyo muulize mshauri wako mipaka iliyopo mahali mlipo.

Usiri ni zaidi ya kutosimulia. Muulize faili linafungiwa wapi, ukikutana naye barabarani atakusalimia au atasubiri umsalimie wewe, na kwa anayeleta mtoto au mwenzi wake, nani ataambiwa nini.

Nikimwambia nimewaza kufa, atanipeleka kufungiwa hospitalini?

Kwa watu wengi, hapana. Kuwaza kufa na kuwa na mpango wa kujiua leo usiku ni mambo mawili, na kazi yake ni kutofautisha. Atauliza waziwazi: unatamani usiamke, au unawaza kujiua? Umefikiria njia? Njia hiyo unayo nyumbani? Uliwahi kujaribu? Ni nini kimekuzuia mpaka sasa? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi huonekana kupumua wakisikia neno limetamkwa.

Baada ya hapo mnaandika mpango wa usalama wenye hatua sita, uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili kwamba hali inaanza, mambo unayoweza kufanya peke yako, watu na mahali pa kukutoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na huduma za dharura, na kuiweka mbali njia ya kujidhuru. Hatua hii ya sita ina nguvu kuliko inavyoonekana, maana kilele cha hamu ya kujiua mara nyingi ni kifupi, na dawa au sumu isiyokuwepo chumbani haiwezi kunywewa. Kumsainisha mtu karatasi ya kuahidi kwamba hatajiua hakujaonekana kusaidia.

Ikiwa unasoma hapa na mpango tayari unao, usingoje miadi. Mwite mtu akae nawe na uende idara ya dharura iliyo karibu.

Nahitaji dawa au mazungumzo?

Kwa sonona hafifu, mazungumzo huweza kutosha. Kwa nzito, vyote viwili pamoja huwa bora kuliko kimoja. Kwa mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, au asiyelala siku kadhaa huku akijihisi hana mpaka, daktari kwanza.

Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuhisiwa, wakati mwingine 6 hadi 8. Wengi huacha wiki ya pili, wakati kichefuchefu kimeshafika na nafuu bado haijafika. Usiziache ghafla pia: kizunguzungu, usingizi kuvurugika na hisia kama shoti ya umeme kichwani hutokana na hilo. Na kabla ya yote, pima tezi la shingo na wingi wa damu. Tezi ikizidi kazi huiga wasiwasi, ikipungua kazi huiga sonona, na hakuna mazungumzo yanayotibu tezi.

Vikao vingapi?

Tiba ya utambuzi na tabia kwa kawaida huwa ya vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki. Hofu maalumu huweza kuisha kwa vichache. Uchambuzi wa kazi nyingi uliochapishwa mwaka 1986 ulikuta karibu nusu ya wateja wamepata nafuu inayopimika kufikia kikao cha 8, na robo tatu kufikia cha 26. Kwa hiyo kikao cha 8 ni mahali pazuri pa kusimama na kuuliza: tumesogea?

Nimekwenda vikao vitano, sioni tofauti. Niache?

Usiache kimyakimya kwanza. Karibu mteja mmoja kati ya watano hukatisha kabla ya wakati, na mshauri hubaki bila kujua kulikuwa na nini. Mwambie: "Sijisikii tofauti na siku niliyokuja. Unaonaje tatizo liko wapi?" Namna atakavyolipokea neno hilo itakupa habari nyingi. Akijitetea au akakulaumu kwamba hujitumi, umepata jibu.

Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Lengo halikutajwa, hivyo vikao vimegeuka kuwa habari za wiki. Kazi ya nyumbani ni kubwa mno. Mtu asiyeweza kutoka kitandani ameambiwa akimbie kila asubuhi, wakati angeanza na dakika tano nje ya mlango. Kuna jambo halijasemwa, hasa pombe au kipigo. Au mteja anampa mshauri majibu ya kumfurahisha, ugonjwa wa watu wenye adabu. Asilimia 5 hadi 10 ya wateja huzidi kuwa vibaya wakiwa kwenye tiba, na hao wanahitaji mbinu nyingine, mtu mwingine, au daktari.

Tabia zipi za mshauri zinitoe mbio?

Kukutongoza au kukugusa usivyotaka. Hilo ni kosa la kuripotiwa kwenye bodi, hata ikiwa alikuambia ni sehemu ya tiba. Kukukopa au kukuingiza kwenye biashara yake. Kuahidi kupona kwa uhakika. Kukuambia uache dawa bila daktari. Kuzungumzia wateja wengine hadi ukawatambua. Kesho ni zamu yako. Kujaza kikao kwa maisha yake mwenyewe.

Kwa simu au video inafaa?

Kwa sonona na wasiwasi, matokeo ya video hukaribia ya ana kwa ana. Hufeli kwa sababu ndogo: mtu yuko sebuleni na watu wanasikia. Tumia vipokea sauti vya masikioni, kaa mahali penye mlango, kubalianeni mapema nani atapiga simu mtandao ukikatika. Mshauri awe na anwani ya ulipo siku hiyo na namba ya mtu wa karibu nawe, maana hawezi kukutumia msaada asikokujua.

Tutajuaje tumemaliza?

Alama za dodoso zimeshuka na kubaki chini kwa wiki kadhaa, na unafanya mambo uliyokuwa huyafanyi. Vikao hutawanywa: kila wiki mbili, kisha mwezi. Kwenye vya mwisho mnaandika ukurasa mmoja: dalili zangu za kwanza hali ikirudi, kilichonisaidia, nani nimpigie, na baada ya siku ngapi za usingizi mbovu nirudi bila kujivunga. Utunze ukurasa huo unapoweza kuupata haraka, si ndani ya daftari lililoko chini ya kabati.